Belti ya injini ikikatika, usikubali gari lisukumwe

Ni mshipi wa mpira wenye meno, upana wake kama vidole viwili, uliofichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki mahali ambapo mwenye gari anaweza kumaliza miaka bila kuuona. Mafundi huuita taiming belti. Siku ukikatika, tuseme mkiwa safarini kutoka Njoro kuelekea mjini Nakuru, injini huzima papo hapo. Haikohoi, haitoi moshi, na mara nyingi hakuna taa ya onyo iliyotangulia.

Kuanzia dakika hiyo, uamuzi wa aliyeshika usukani ndio utakaoonyesha kama aila itatoa pesa za belti mpya tu, au itagusa karo ya muhula mzima. Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya injini, kazi inayoweza kufanyiwa nyumbani, na ile isiyofaa kujaribiwa uani.

Swali hili lawahusu wengi. Magari mengi ya familia katika Bonde la Ufa yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa gari la kibinafsi la mtumba lililopita umri wa miaka minane, lakini likishaingia huendelea kuhudumu miaka mingi mno. Ndiyo maana Toyota Corolla za miaka ya 1990, zile zinazojulikana mitaani kama "100" na "110", bado zinaonekana Lanet, Section 58 na Free Area. Hizo ndizo zinazopeleka watoto shuleni, zinazobeba viazi kutoka Molo na maziwa kutoka Bahati. Gari la namna hiyo likilala, si usafiri tu unaokwama bali pia kitega uchumi cha nyumba.

Kazi ya belti hiyo

Injini hupumua kama mnyama. Huvuta hewa na mafuta, huyabana, huyachoma, kisha hutoa moshi. Milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi huitwa valvu. Valvu hufunguliwa na chuma kirefu chenye vinundu kiitwacho kamshafti, ambacho hukaa juu kwenye hedi ya injini. Chini kabisa kuna kranki, chuma kizito kinachozungushwa na pistoni zinapopanda na kushuka.

Kranki na kamshafti lazima ziende pamoja kama wacheza ngoma wanaofuata mdundo mmoja. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na kazi ya belti ni kuhakikisha mpango huo hauvurugiki. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Meno ya belti yakiruka hata moja tu, mdundo huharibika. Ikikatika kabisa, kamshafti husimama ilipo na kuacha baadhi ya valvu zikiwa wazi, ilhali kranki huendelea kuzunguka kwa sababu ya kasi ya gari.

Si kila injini hutumia belti. Peugeot 504 ya petroli, gari lililotawala usafiri wa teksi za Nairobi na Nakuru kwa miaka mingi na kushinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978, hutumia mnyororo wa chuma. Nissan Sunny nyingi za B14 na B15 vilevile zina mnyororo, na hali ni hiyo hiyo kwa Toyota Probox na Vitz zenye injini za aina ya NZ. Mnyororo huchakaa na kulegea, lakini aghalabu hutangulia kupiga kelele. Belti ilianza kupendwa na watengenezaji baada ya gari la Ujerumani, Glas 1004, kuitumia mwaka 1962. Ni nyepesi, ni kimya, haihitaji oili na bei yake ni ndogo. Ubaya wake ni kwamba hufa ghafla.

Injini mbili, hatima mbili

Hapa ndipo penye siri ambayo kila mwenye gari anapaswa kuijua kabla ya siku ya balaa.

Kuna injini ambazo pistoni ikifika juu kabisa na valvu ikiwa wazi kabisa, bado nafasi hubaki kati yao. Belti ikikatika katika injini hiyo, hakuna kinachogongana. Toyota za petroli zenye injini za 4A-FE, 7A-FE na 3S-FE, zilizojaa katika Corolla, Carina na Corona za miaka ya 1990, ni za kundi hili. Mwenye gari la namna hiyo hufunga belti mpya, akapanga alama sawasawa, na kuendelea na safari zake.

Kundi la pili ni la injini ambazo pistoni na valvu hutumia nafasi ile ile kwa zamu. Maadamu belti ni nzima, hazikutani. Ikikatika, pistoni hupanda na kuzipiga valvu zilizobaki wazi, nazo hupinda kama misumari. Subaru nyingi zenye injini za EJ, hususan za mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada ya hapo, ziko katika kundi hili. Katika zile zenye kamshafti nne, valvu zinaweza hata kugongana zenyewe kwa zenyewe.

Injini za dizeli zinazotumia belti ni hatari zaidi. Dizeli haina cheche ya plagi, hivyo huwaka kwa hewa kubanwa mno. Toyota za 2L, 3L na 5L, zilizobeba abiria katika matatu za Hiace na mizigo katika Hilux, huibana hewa zaidi ya mara 20, ilhali 4A-FE ya petroli huibana mara tisa na nusu tu. Nafasi iliyobaki juu ya pistoni ya dizeli ni nyembamba mno, kwa hivyo valvu iliyo wazi haina pa kukimbilia.

Angalia maandishi ya aina ya injini kwenye kibati kilicho chini ya boneti, uyaandike daftarini. Umuulize fundi unayemwamini kama injini hiyo ni ya kugongana au la, na umwombe akuonyeshe kwenye kitabu cha injini hiyo.

Injini ikizima mteremkoni

Barabara kuu inayopita Nakuru si ya kuchezewa. Kutoka Mau Summit, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,400, hushuka kupitia Sachangwan na Salgaa hadi Nakuru, ulio kwenye mita 1,850 hivi. Injini ikizima hapo, breki zitakuwa na nguvu ya kawaida kwa mikanyago miwili au mitatu tu, kisha pedali itakuwa ngumu. Usukani nao utakuwa mzito.

Usipapase pedali. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu na uendelee kushikilia huku ukilielekeza gari kando ya barabara. Usitoe ufunguo kabla gari kusimama, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Washa taa za tahadhari, weka pembetatu mbali na gari, na uwaondoe watoto garini wakae mbali na lami.

Sasa jaribu stata mara moja tu, kwa sekunde mbili. Injini yenye belti nzima huzunguka kwa kishindo cha kupanda na kushuka. Iliyokatika belti huzunguka kwa wepesi na kwa sauti moja iliyonyooka, kama cherehani isiyo na kitambaa. Ukisikia hivyo, acha.

Usikubali lisukumwe

Kuna desturi yetu ambayo imewagharimu wengi. Gari likizima, vijana hujitokeza kwa moyo mwema, wakalisukuma, na dereva akatia gia ya pili na kuachilia klachi. Betri ikiwa ndiyo yenye kasoro, huo ni msaada. Belti ikiwa imekatika, huo ni uharibifu, kwani kila hatua ya magurudumu huilazimisha kranki kuzunguka na pistoni kuzipiga valvu. Valvu mbili zilizopinda barabarani huweza kuwa nane kabla ya kufika kituo cha petroli.

Likokotwe, gia ikiwa huru. Gari lenye gia za kujibadilisha lenyewe lisikokotwe magurudumu yanayovutwa na injini yakiwa chini, bali libebwe, la sivyo giaboksi nayo itaharibika. Gari likifika nyumbani ndipo kazi ya kufikiri huanza.

Uchunguzi kabla ya kufungua hedi

Fundi mwenye pupa husikia "belti imekatika" akasema papo hapo kwamba hedi lazima ishuke. Huenda akawa sahihi, lakini mpe kwanza nafasi ya kuthibitisha. Kushusha hedi kunamaanisha gasketi mpya, oili mpya, maji ya rejeta na siku kadhaa za kazi.

Anza kwa kufungua kifuniko cha juu cha belti, ambacho kwa kawaida hushikwa na bolti chache ndogo za namba 10. Ikiwa belti iko nje ya puli, imekatika au imenyolewa meno, ugonjwa umejulikana. Katika injini nyingi unaweza pia kufungua kizibo cha oili na kuchungulia huku mwenzako akigusa stata kwa nukta moja. Kamshafti isipozunguka, belti haifanyi kazi.

Kisha tafuta kilichoiua. Belti haifi bila sababu. Iguse. Ikiwa imelowa oili, sili ya kamshafti au ya kranki inavuja. Ikiwa kando yake imenyofoka nyuzi, puli au tenshona imekaa upande. Ikiwa meno yamenyolewa mahali pamoja, kuna kitu kilikwama, na mara nyingi ni beringi ya tenshona. Katika Subaru za EJ na Toyota za 3S, belti hii pia huzungusha pampu ya maji, na pampu ikikwama huiua belti mpya kama ilivyoiua ya zamani.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Jina la Nakuru lenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na udongo wetu wa majivu ya volkano ni laini kama unga. Kifuniko cha belti kilichovunjika au kuachwa bila bolti huruhusu vumbi hilo kuingia kwenye meno na kwenye beringi. Fundi akikuambia kifuniko hicho hakina kazi, usikubali.

Baada ya hapo, funga belti mpya kwa utaratibu utakaoelezwa hapa chini, kisha pima kompresheni kabla ya kugusa bolti yoyote ya hedi. Plagi zote hutolewa, mafuta na umeme wa plagi hukatwa, geji hufungwa kwenye tundu la kila silinda kwa zamu, na stata huzungushwa pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Silinda zikikaribiana, valvu ni salama. Moja ikionyesha sufuri au karibu na sufuri, valvu yake haifungi.

Jambo moja huwachanganya mafundi wapya. Vitabu huandikwa kwa vipimo vya pwani. Hewa ya Nakuru ni nyepesi kwa takriban sehemu moja kwa tano kuliko ya Mombasa, na geji husoma chini kwa kiasi kama hicho. Injini nzima inaweza kuonekana mbovu kwa mujibu wa kitabu, nayo haina kasoro. Linganisha silinda kwa silinda, usilinganishe Nakuru na Mombasa.

Hatua za kufunga belti

Injini za petroli za silinda nne zilizokaa wima, kama 4A-FE, ndizo zinazofaa zaidi kufanyiwa kazi nyumbani. Subaru ina hedi mbili na puli nyingi za kupanga. Dizeli ya 3L huzungusha pia pampu ya dizeli kwa belti iyo hiyo. Hizo mbili ziachie aliyezizoea.

Vifaa ni hivi: seti ya spana na soketi, jeki pamoja na stendi imara, geji ya kompresheni, spana ya kupimia nguvu ya kukaza bolti, chaki au rangi nyeupe, na visahani vya kuwekea bolti za kila sehemu mbali mbali.

Kwanza, toa waya hasi wa betri. Injini iwe baridi. Inua upande wenye gurudumu lililo karibu na belti, uweke stendi, kisha utoe gurudumu hilo.

Pili, toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi, kisha legeza na utoe belti za nje zinazozungusha jenereta na pampu ya usukani.

Tatu, fungua bolti ya puli ya kranki. Hii huwa ngumu ajabu. Kwa gari la gia za mkono, mtu akanyage breki kwa nguvu gari likiwa katika gia ya juu kabisa, kisha mwingine afungue kwa mpini mrefu. Usitumie nguvu za stata kuifungua, kwa kuwa spana inaweza kuruka na kuvunja mkono.

Nne, toa vifuniko na mabaki ya belti. Safisha kila kipande cha mpira kilichoingia kwenye puli ya chini.

Tano, panga alama. Puli ya kamshafti na puli ya kranki zina alama zinazopaswa kuelekea alama nyingine zilizo kwenye injini. Kama injini ni ya kugongana, au huna hakika, rudisha kwanza kranki robo mzunguko kutoka juu. Katika injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, pistoni zote zitakuwa katikati ya safari yao, na kamshafti itazungushwa bila kugusa chochote. Kamshafti ikishakaa kwenye alama yake, ndipo kranki irejeshwe kwenye yake.

Sita, badilisha tenshona, na sili zilizovuja. Pampu ya maji ibadilishwe kama huzungushwa na belti hii. Kuweka belti mpya juu ya beringi iliyochoka ni kushona kiraka kipya kwenye nguo iliyooza.

Saba, vaa belti ukianzia kwenye kranki, ukiivuta upande usio na tenshona ili usilegee. Isikunjwe, isipakwe oili, isichokonolewe kwa bisibisi. Achilia tenshona ifanye kazi yake, kisha ikaze.

Nane, na hii ndiyo hatua inayookoa injini: zungusha kranki kwa spana na mkono, mizunguko miwili kamili, kuelekea upande ambao injini huzungukia. Alama zote lazima zirudi mahali pake. Ukihisi kizuizi kigumu, simama. Usilazimishe. Anza upya kwenye hatua ya tano. Mkono husikia kugusana kwa valvu na pistoni kabla hakujawa kupinda, lakini stata haisikii chochote.

Alama zikirudi sawa, pima kompresheni, rudisha vifuniko vyote, kaza bolti ya puli kwa kipimo cha kitabu, kisha uwashe. Injini ikiwaka lakini ikawa nzito na kushindwa na mlima wa kawaida, huenda belti imekaa jino moja mbali. Usiendeshe hivyo, bali fungua urekebishe.

Valvu zikipinda

Geji ikionyesha silinda isiyo na nguvu, hedi itashuka. Hata hapa si lazima kila kitu kiende gereji. Familia yenye mtu mwangalifu inaweza kushusha hedi nyumbani, ikaipeleka kwenye karakana yenye mashine, kisha ikairudisha yenyewe, na kwa njia hiyo kupunguza gharama ya kazi.

Injini iwe baridi kabisa, kwani hedi ya aluminiamu ikifunguliwa moto huweza kupinda. Bolti hulegezwa kidogo kidogo kwa awamu, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Piga picha kila mpira na kila waya kabla ya kuutoa. Simu ya mtoto wa shule inafaa zaidi hapa kuliko kumbukumbu ya mtu mzima.

Tazama vichwa vya pistoni. Alama ndogo ya mwezi mchanga iliyoachwa na valvu si hatari. Pistoni iliyopasuka au iliyotobolewa ni habari nyingine, kwa maana injini yote itafunguliwa.

Karakana itabadilisha valvu zilizopinda, itachunguza vishikio vyake na viti vyake, na kupima kama uso wa hedi umenyooka. Katika injini nyingi ndogo za petroli, upindaji unaokubalika ni sehemu 5 tu za 100 za milimita. Kabla ya kuipokea, omba jaribio rahisi. Hedi ilazwe matundu ya hewa yakitazama juu, yamiminwe mafuta ya taa, na msubiri dakika chache. Yakipenya chini kupitia valvu, kazi haijakwisha.

Wakati wa kurudisha, gasketi iwe mpya na bolti zikazwe kutoka katikati kuelekea pembeni kwa awamu, kufuata kipimo. Nafasi kati ya kamshafti na valvu mpya ipimwe. Oili ibadilishwe, kwa sababu maji ya rejeta huingia ndani hedi inapoinuliwa. Belti ya taiming ndiyo ya mwisho, kwa hatua zile zile nane.

Swali la injini ya mtumba kutoka Japani hujitokeza hapo. Ikiwa pistoni ni nzima na valvu chache ndizo zilizopinda, kukarabati hedi kwa kawaida ni nafuu, nawe unaijua historia ya injini yako. Pistoni zikiharibika, injini ya mtumba yaweza kuwa na maana. Lakini hiyo nayo ina belti yake ya zamani ambayo hakuna ajuaye umri wake. Ibadilishe ikiwa bado sakafuni, kabla haijaingizwa garini. Na injini ikibadilishwa, namba mpya iandikishwe rasmi kwenye stakabadhi za gari.

Usalama uani

Gari lisishikiliwe na jeki peke yake mtu akiwa chini. Mawe na matofali si stendi. Watoto wadogo wakae mbali.

Usioshe vyuma kwa petroli. Mvuke wake hutambaa ardhini na kufuata moto wa jiko lililo mbali. Wakazi wa eneo hili hawahitaji kukumbushwa maana ya moto wa petroli. Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 walifariki Sachangwan lori la mafuta lilipowaka. Tumia mafuta ya taa au dizeli, mbali na jiko, na mchanga uwe karibu. Oili chafu isimwagwe mtaroni, kwani maji ya mji huu huteremkia Ziwa Nakuru. Itie mtungini uipeleke gereji inayoikusanya.

Belti yenyewe inunuliwe kwa muuzaji anayekupa risiti. Bidhaa bandia zipo, na Kenya ilitunga sheria ya kupambana nazo mwaka 2008. Belti halisi huwa na namba ya kipuri na jina la mtengenezaji vilivyochapwa kwa usafi mgongoni. Linganisha idadi ya meno na upana na ile ya zamani kabla ya kulipa.

Nani ashike spana?

Si kila mwenye gari anapaswa kujifanya fundi. Lakini kila mwenye gari anaweza kuwa shahidi mzuri wa kazi ya fundi. Mafundi wa jua kali wanaokuja nyumbani ni tegemeo la mji huu, na wengi wao wana ujuzi wa miaka. Muulize kama amefanya majaribio ya daraja yanayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA. Yako madaraja matatu, na mtu aliyejifunza kazini bila kukaa darasani anaweza kuyafanya. Fundi mzuri ambaye hana cheti ana njia ya kukipata.

Kwa mwanafunzi aliye likizoni, kazi hii ni somo la fizikia lililotolewa ubaoni na kuwekwa mkononi. Mzunguko, msuguano, shinikizo la hewa, uwiano wa mbili kwa moja, vyote vimo. Aandike majina ya vipuri, ahesabu meno, ashike taa. Huenda akapenda, na kozi za umakanika zinafundishwa papa hapa Nakuru katika chuo cha Rift Valley National Polytechnic. Msichana asiambiwe kazi hii si yake. Bolti haijui ni nani anayeifungua.

Kinga ni bei ya belti

Kwa Toyota nyingi za petroli za kizazi hicho, kikomo cha belti ni kilomita 100,000. Katika baadhi ya Toyota za dizeli, taa yenye maandishi T-BELT huwaka kwenye dashibodi muda ukifika. Haioni kama belti imechoka, huhesabu kilomita tu. Ikizimwa bila belti kubadilishwa, dereva amezima kengele na kuuacha moto.

Usitegemee kilomita peke yake. Mtu anayekaa Njoro na kufanya kazi Nakuru huenda kilomita 40 hivi kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 300, hizo ni 12,000 kwa mwaka, na 100,000 hazitafika hadi mwaka wa tisa. Mpira hausubiri. Joto, oili na miaka huupasua hata gari likiwa limeegeshwa.

Isitoshe, namba ya dashibodi ya gari la mtumba huweza kuwa imerudishwa nyuma. Ushahidi ulio bora ni kibandiko ambacho mafundi wa Japani hukiweka chini ya boneti au kando ya mlango, chenye tarehe na kilomita za siku belti ilipobadilishwa. Usipokiona, chukulia kwamba belti ni ile iliyotoka kiwandani, na uibadilishe kabla ya safari ndefu ya kwanza.

Siku utakapoibadilisha, andika mambo matatu kwenye karatasi na uigundishe ndani ya mlango wa dereva: tarehe, kilomita na namba ya kipuri. Atakayelinunua gari hilo baadaye, au mwanao atakayelirithi, hatalazimika kubahatisha.